Karatasi Mfukoni mwa Mtoto

Ndugu wanafunzi wa darasa la watu wazima! Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka, na kila mtu ana kalamu yake. Mwalimu wenu amenipa nafasi nizungumze nanyi leo juu ya mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Nanyi mtakaosoma maneno haya katika kijitabu, someni polepole. Mkifika mahali pagumu rudini nyuma mstari mmoja, kisha endeleeni.

Habari yenyewe ni hii. Mama amemfuata mumewe katika mji wa kigeni. Mume ana kazi. Mama hana kazi, hana jamaa, hana shoga, ila ana watoto wawili wadogo. Je, afanye nini kutwa nzima?

Mama huyo ni mimi. Lakini huenda kesho akawa wewe, dada unayenisikiliza, maana siku hizi kazi humpeleka mtu mbali: leo Nairobi, kesho Maskati, kesho kutwa London. Nawe kaka, usizibe masikio. Huenda wewe ndiwe utakayemwacha mkeo chumbani ukaenda kazini, na yafaa ujue anavyoishi nyuma yako.

Jueni kwanza kwamba mimi ni mwenzenu. Shule niliiacha darasa la pili, na herufi zote zikanitoka kichwani. Nilizirudia nikiwa mtu mzima, kule Tanga, katika darasa kama lenu, nikisoma ba, be, bi, bo, bu pamoja na wazee wenye mvi. Wakati ule nilifikiri kusoma ni kwa ajili ya barua tu. Sikujua kwamba siku moja kutanisaidia kupita katika mji wa watu mamilioni.

Mume wangu ni muuguzi. Alipata kazi katika hospitali moja ya London, akatangulia peke yake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2018 tukamfuata, mimi na binti yangu wa miaka minne na mdogo wake ambaye hajatimiza miaka miwili. Tulikaa katika chumba kimoja na jiko, mtaa wa Camberwell, upande wa kusini wa mto Thames.

Mume wangu alikuwa akifanya zamu za usiku. Alitoka jioni, akarudi saa mbili na nusu asubuhi, macho mekundu. Na saa hiyo ndiyo saa ya watoto kuamka na kutaka kucheza. Chumba ni kimoja, ndugu zangu. Mtoto akiangusha kijiko, baba yake anashtuka. Mdogo akilia, baba yake anajifunika mto kichwani. Mimi nilikaa dirishani na watoto, kidole mdomoni, nikiwanyamazisha. Nje nilikuwa naogopa. Niliona nyumba zote zinafanana, matofali yale yale, milango ile ile. Nilijiambia, nikipinda kona mbili tu, sitarudi tena. Nikakaa hivyo majuma matatu.

Asubuhi moja mume wangu aliketi ukingoni mwa kitanda, asilale. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama watoto, usiku huu nimesoma jina la dawa mara tatu, maana macho yalikuwa yananidanganya. Nisipopata usingizi, iko siku nitamdhuru mgonjwa."

Sikumjibu neno. Niliwavika watoto makoti, nikamtia mdogo katika kigari chake, nikafungua mlango. Sikujua nakwenda wapi, lakini nilijua kwamba hatuwezi kukaa.

Hebu sasa sikilizeni jinsi nilivyofanya, maana siku moja mtafanya vivyo hivyo.

Siku ya kwanza nilikwenda mpaka kwenye kona ya njia yetu, nikasimama. Ukutani palikuwa na kibao chenye jina la njia. Nikatoa daftari langu, nikalinakili jina lile herufi kwa herufi. Sikujua maana yake, lakini herufi zilikuwa zile zile mnazoandika ninyi ubaoni. Hapo ndipo nilipotambua jambo kubwa. Mtu anayesoma Kiswahili amekwisha pata nusu ya kusoma mji wa London, kwa kuwa A ya Tanga na A ya London ni A moja. Lugha yaweza kukushinda, lakini jina la mahali halikushindi. Unalitazama kibaoni, unalitazama daftarini, yakilingana umefika.

Siku ya pili nilikwenda mpaka uwanja mdogo wenye miti, uitwao Camberwell Green. Siku ya tatu nikafika Burgess Park, bustani kubwa ya watu wote, isiyo na kiingilio. Mle bustanini mna daraja zuri, lakini chini yake hapana maji hata tone. Hapo zamani palipita mfereji wa mashua za mizigo, ukafukiwa, daraja likabaki. Binti yangu alilipanda na kulishuka mara kumi. Akaniuliza, "Mama, mto umekwenda wapi?" Tukacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu tufike. Tuliporudi, baba yao alikuwa bado amelala fofofo.

Basi shikeni neno hili la kwanza: usianze na mji mzima. Anza na kona yako. Kila siku ongeza kidogo, na kila unapoongeza, andika jina.

Juma la pili nilikuwa kituoni, natazama mabasi mekundu ya ghorofa mbili yakipita, sithubutu kupanda. Pembeni alikaa mama mtu mzima, anazungumza katika simu. Masikio yangu yakasimama. Alikuwa anasema Kiswahili cha Mombasa! Nikangoja amalize, nikamwendea.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama kutoka utosini mpaka miguuni, akatabasamu. "Marahaba, mwanangu. U mtu wa wapi wewe?"

"Mtu wa Tanga, mama."

"Na hao wajukuu wangu, mbona wamesimama kwenye baridi? Basi mnalotaka ni lipi?"

Nikamwambia kweli yote, kwamba silijui basi lolote. Alinikalisha akanifundisha, nami nawapeni mafundisho yake kama nilivyoyapokea. Aliniambia, "Mwanangu, mji huu hauliwi kwa tonge moja. Chagua basi moja, ulijue mwanzo wake na mwisho wake. Ukilijua hilo, ndipo uchague la pili." Akanichagulia namba 68.

Basi la 68 lilikuwa likitoka West Norwood, likapita Camberwell, likavuka mto Thames katika daraja la Waterloo, likafika Russell Square na kuishia Euston. Mwaka ule wa 2018 nauli ya basi ilikuwa pauni moja na nusu. Fedha taslimu hazipokelewi katika mabasi ya London tangu mwaka 2014. Unagusisha kadi kwenye chombo kilicho karibu na dereva, basi. Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi. Na ukiisha lipa mara moja, waweza kupanda basi jingine ndani ya muda wa saa moja bila kulipa tena. Kwa hiyo sisi watatu tulisafiri kwa nauli ya mtu mmoja.

Katikati ya basi pana nafasi pasipo viti. Hapo ndipo unapoweka kigari cha mtoto. Lakini nafasi ile kwanza ni ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Akipanda yeye, wewe unakunja kigari chako. Watu wengine walikuwa wakihangaika, kigari mkono huu, mtoto mkono huu. Mimi nilikuwa na kanga yangu. Nilimweka mwanangu mgongoni, nikafunga, mikono yangu yote miwili ikabaki huru. Kanga ile ilinifaa vile vile katika garimoshi la chini ya ardhi, kwa sababu vituo vingi vya zamani vina ngazi ndefu, na si vyote vyenye lifti. Garimoshi lile ndilo la kwanza duniani kupita chini ya ardhi. Njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwezi wa Januari mwaka 1863. Lakini kwa mama mwenye watoto wadogo nasema basi ni bora, maana basi lina madirisha, na mtoto anayetazama nje halii.

Ndani ya basi mna kioo kinachoandika jina la kituo kinachofuata, na papo hapo sauti hulitaja. Ni kama somo letu hili: unasikia kwa sikio na unasoma kwa jicho. Nilikuwa nikisoma kwa sauti ndogo, "Ca-mber-well Green." Binti yangu akayafuatisha. Baada ya siku chache, yeye ndiye aliyekuwa akiniambia, "Mama, tumefika."

Ngoja niwaambieni na kosa langu moja, ili mcheke na mjifunze. Maktaba nyingi za mitaa London huweka saa maalumu ya kuwaimbia watoto wadogo, bila malipo. Nilipita mbele ya maktaba nikaona tangazo: picha ya watoto wanaimba, na chini yake tarakimu 10.30. Tarakimu nazijua. Nikajiambia, saa kumi na nusu. Siku ile tukafika saa kumi na nusu jioni, watoto wameogeshwa, nguo safi. Giza lilikuwa limekwisha ingia, maana ulikuwa mwezi wa Novemba. Ndani hapakuwa na mtoto hata mmoja. Mama wa maktaba alinielekeza kwenye saa ya ukutani, akaweka kidole penye 10, kisha akaonyesha dirishani na kufanya ishara ya jua kupanda. Loo! Kumbe nyimbo ziliimbwa asubuhi, saa nne na nusu!

Mnaona kosa liko wapi? Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Wao wanahesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Chukueni kalamu, andikeni kanuni hii. Tarakimu yao ikizidi sita, toa sita: kumi ukitoa sita, nne. Isipozidi sita, ongeza sita: mbili ukiongeza sita, nane. Ukiikosea kanuni hii utakuta mlango wa daktari umefungwa, na gari limekwisha ondoka. Tena kumbukeni kwamba kule jua si kama la kwetu. Mwezi wa Desemba huchomoza kama saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limekwisha kuchwa. Mwezi wa Juni halizami mpaka saa tatu ya usiku imepita. Kwa hiyo usingoje jua likuamshe. Amka kwa saa.

Juma lililofuata tulikwenda kwa saa ya haki. Binti yangu aliimba nyimbo asizozijua maneno yake, na mdogo wake akapiga makofi. Mama wawili waliniuliza jina langu. Hapo niliona kwamba mtoto ni kama barua ya kujulisha. Mtu mzima peke yake katika mji wa kigeni hupita kama kivuli. Mwenye mtoto huulizwa, "Ana umri gani?" na mazungumzo yakaanza.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nije kuzungumza nanyi leo.

Kabla ya kupanda basi lile la 68 kwa mara ya kwanza, usiku wake nilikata karatasi vipande viwili. Kila kipande nikaandika jina la mtoto, jina langu, na namba ya simu yangu. Mkono ulinitetemeka, maana nilikuwa sijapata kuandika jambo lolote kwa haja ya kweli. Niliyokuwa nimeandika nyuma yalikuwa ya darasani, mwalimu husahihisha kisha yanafutwa. Haya hapana wa kuyasahihisha. Nilizihesabu tarakimu za simu mara tatu. Kisha nikabana kila karatasi kwa pini ndani ya mfuko wa koti la mtoto. Ndani, si nje. Ukiiweka nje, mtu mbaya ataweza kumwita mwanao kwa jina kama anayemjua. Nikamfundisha yule mkubwa, "Ukipotea usikimbie. Simama. Mtafute mlinzi mwenye nguo za kazi, au mama mwenye watoto. Mwonyeshe karatasi." Akarudia maneno yangu mara nyingi mpaka akachoka.

Siku moja ya mwezi wa Desemba mvua ilikuwa inanyesha, tukashuka Russell Square tukaenda British Museum, nyumba kubwa ya mambo ya kale. Ilianzishwa mwaka 1753, na kuingia ni bure. Katikati yake pana ukumbi mkubwa wenye paa la vioo, vipande 3,312, na ukumbini amelala simba mkubwa wa jiwe, aliyetoka Knidos katika nchi ya Uturuki ya leo. Binti yangu alitaka kumwamkia simba yule. Nikamwambia, "Baadaye."

Tukaingia katika chumba cha pembeni. Pale ndani ya kabati la kioo palikuwa na jiwe. Si jiwe zuri. Ni jiwe la kukaa kiganjani, limechongwa. Ungeliona njiani ungelipita. Chini yake palikuwa na maandishi madogo. Nikainama nikaanza kusoma herufi moja moja, kama ilivyo desturi yangu. T. A. N. Z.

Ndugu zangu, lilikuwa jina la nchi yangu. Jiwe lile limetoka bonde la Olduvai, ambalo Wamasai huliita Oldupai kwa jina la mkonge wa porini uotao pale. Louis Leakey alilipata mwaka 1931. Umri wake ni kama miaka milioni moja na laki nane, nalo ni katika vitu vya kale kabisa vilivyotengenezwa kwa mkono ambavyo nyumba ile inavyo. Mimi mtu wa Tanga, niliyezaliwa karibu na mashamba ya mkonge, nilisimama mbele yake machozi yananilenga. Niliona kana kwamba nimekutana na jamaa.

Nikageuka nimwonyeshe binti yangu. Hayupo.

Siwezi kuwaeleza vizuri hali ile. Watu walikuwa wengi kama siku ya gulio. Nilimwita jina lake, kwanza polepole, kisha kwa sauti kubwa. Mdogo mgongoni akaanza kulia. Nikaenda mlango huu, nikarudi, nikaenda mlango ule. Kiingereza kidogo nilichokuwa nacho kikaniruka chote. Nilimshika mkono mzee mmoja, nikamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, mwanangu," naye hakuelewa ila machozi.

Ndipo simu yangu ikalia.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, anasema polepole sana. Sikushika maneno yake. Nilishika neno moja tu, jina la binti yangu, analitamka vibaya, kama mtu anayelisoma kwenye karatasi.

Nilimkuta ukumbini karibu na simba. Mlinzi alikuwa amechutama mbele yake, karatasi mkononi. Binti yangu hakulia. Akaniambia, "Mama, nimesimama, sikukimbia. Nilimwamkia simba tu." Mlinzi alinirudishia karatasi kwa mikono miwili. Nikaitazama. Herufi zilikuwa zimepinda, tarakimu 7 moja imelala kama mlevi. Lakini ilisomeka. Mtu wa nchi nyingine, asiyejua lugha yangu, aliusoma mkono wangu, na mwanangu akarudi.

Tulitoka. Miguu ilikuwa haina nguvu. Mvua ilikuwa imekatika, tukatembea kidogo mpaka uwanja wa michezo ya watoto uitwao Coram's Fields, si mbali na pale. Langoni pana tangazo ambalo sijaliona mahali pengine: mtu mzima haruhusiwi kuingia ila awe amefuatana na mtoto. Fikirini hayo! Mahali pengi mtoto huingia kwa sababu ya mama. Pale mama huingia kwa sababu ya mtoto.

Nilikaa kwenye benchi watoto wakicheza. Mama mmoja tuliyepata kujuana naye katika maktaba alikuwapo, akanieleza habari za uwanja ule kwa Kiingereza chepesi na kwa mikono. Baadaye nilizisoma mwenyewe kwa msaada wa mume wangu, kwa hiyo nawapeni zilizo sahihi.

Zamani mahali pale palikuwa na nyumba ya kulelea watoto ambao mama zao hawana njia ya kuwalea. Aliyeianzisha alikuwa nahodha mmoja, Thomas Coram, aliyekuwa akisikitika kuona watoto wachanga wametupwa njiani. Alipata hati ya mfalme mwaka 1739, na watoto wa kwanza wakapokewa mwezi wa Machi mwaka 1741. Mtoto akiingia alipewa jina jipya. Basi mama alifanyaje ili amtambue mwanawe kama siku moja atapata uwezo wa kumrudia? Wengi wa mama wale walikuwa hawajui kuandika. Waliacha alama. Huyu aliacha kifungo cha nguo, huyu sarafu iliyokatwa, huyu utepe, huyu kokwa ya mti. Na wengi waliacha kipande cha kitambaa tu, kimekatwa katika nguo ya mtoto, kikabanwa kwa pini juu ya karatasi ya nyumba ile. Vitambaa hivyo, kwa maelfu, vimehifadhiwa London mpaka leo, na rangi zake bado zinaonekana. Tangu mwaka 1741 mpaka mwaka 1760 walipokewa watoto 16,282. Waliorudiwa na wazazi wao walikuwa 152.

Wengi walikufa, na mama wengi hawakupata uwezo kamwe. Si kwamba kalamu peke yake ingewarudisha watoto wale. Umaskini hauandikwi ukafutika. Lakini niliposikia habari ya kitambaa na pini, nilitia mkono katika mfuko wa koti la binti yangu, nikaipapasa karatasi yangu, na pini yangu. Nikakumbuka benchi la Tanga na ba, be, bi, bo, bu. Nikamshukuru kimoyomoyo mwalimu wangu.

Nyumba ile ilihamishwa kutoka mjini mwaka 1926, na mwaka 1936 mahali pake pakafunguliwa kuwa uwanja wa watoto. Siku ile wangu walicheza mchangani mpaka giza likaanza kuingia.

Ilipofika mwezi wa Machi, mume wangu alipata siku mbili za mapumziko. Akasema, "Leo nitawatembezeni." Tukatoka. Tulipofika kituoni akasimama, akatazama huku na huku. Kumbe yeye aliyetangulia kufika alijua njia moja tu, ya kutoka nyumbani mpaka hospitali! Binti yangu akamshika mkono, akamwambia, "Baba, twende na sitini na nane." Siku ile sisi ndio tuliomtembeza yeye. Alikaa ghorofa ya juu ya basi, mbele kabisa, akaliona daraja la Waterloo kwa mara ya kwanza mchana. Akanitazama asiseme kitu. Kisha akacheka, akamwambia mwanawe, "Mwalimu wangu, nijulishe tukifika."

Basi ndugu zangu, muda wetu unakwisha. Mwalimu wenu atawauliza maswali haya, nanyi mjibu kwa maandishi. La kwanza: mama huyu alianza kuujua mji kutoka wapi, na kwa nini hakuanza mbali? La pili: tangazo likiandikwa 9.00 asubuhi katika mji wa London, ni saa ngapi kwa hesabu yetu? La tatu: kwa nini karatasi ya mtoto iwekwe ndani ya mfuko wala si nje?

Na kazi ya nyumbani ni hii. Usiku huu, kabla hujazima taa, kata kipande cha karatasi. Andika jina la mtoto wako, jina lako, na namba ya simu yako, au ya jirani kama wewe huna. Asiye na mtoto amwandikie mzazi wake aliyezeeka, maana wazee nao hupotea. Zihesabu tarakimu mara tatu. Usingoje kwenda London. Gulio la Jumamosi linatosha, na kituo cha mabasi kinatosha. Usiwe na haya kama herufi zimepinda. Za kwangu zilipinda.

Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.